Aya ya Sita

4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima, na kile kikohozi cha mwisho wa mwaka kimekuachia nafasi ya kupumua. Sisi huku hatujambo. Mama anakusalimu sana. Goti lake bado linamsumbua akipanda ngazi, ila akisikia kuna harusi linapona ghafla. Mjukuu wako kang'oka meno mawili ya mbele na sasa kila neno linatoka na mluzi. Baba yake bado yuko kwenye ile kazi ya barabara, anarudi mwisho wa wiki na vumbi hadi kwenye nyusi.

Najua utauliza kwa nini nisipige simu. Nimepiga, Mjomba. Kwenye simu wewe husema "ndiyo mama, sawa mama," kisha unaniambia tutaongea siku nyingine. Kwa barua angalau nitakupata umekaa.

Jambo lenyewe ni la kazi. Hapa Mamlaka ya Maji tumepata mkurugenzi mpya, mama mmoja mfupi anayetembea kama anakimbiza basi. Wiki yake ya pili aliniita ofisini, akaweka mezani taarifa yetu ya mwisho kwa vyombo vya habari, ile ya kukatwa maji kwa ajili ya kubadilisha bomba.

"Hii nani anaisoma?" akauliza.

"Waandishi wa habari, Mkurugenzi."

"Na wananchi?"

Nikafungua kompyuta nikamwonyesha. Kwenye tovuti ilikuwa imefunguliwa na watu arobaini na mmoja, na nusu yao ni sisi wenyewe wa ofisini. Ilikuwa imepigwa picha kwenye mashine ikiwa imelala upande, mhuri umefunika tarehe. Ukiifungua kwenye simu unavuta kwa vidole mpaka unachoka, na mitaa itakayokosa maji iko aya ya sita, baada ya shukrani za menejimenti.

Siku maji yalipokatika, msusi mmoja alikuja langoni na mteja wake. Mteja ana rangi kichwani, imeshaanza kumwasha, na saluni haina hata tone. "Mlitangaza wapi?" msusi akapiga kelele. Nikampa karatasi. Akasoma mistari miwili, akanitazama, akasema, "Dada, hapa naona salamu tu." Tulimwosha yule mteja kwa maji ya tangi la ofisi, kwenye sinki la jikoni.

Sasa nimepewa miezi mitatu niunde taarifa za aina mpya, zinazosomeka kwenye simu. Nilipofungua kabati nikakuta kiolezo tunachotumia kina herufi za jina lako pale chini. Miaka kumi na moja tangu ustaafu na bado tunakijaza kama fomu! Wazee wa ofisi bado wanakuita Bwana Mhuri. Kabla sijakigusa naomba baraka zako, na ushauri.

Tena nina swali dogo. Nilipitia mafaili yako ya zamani kujifunza. Yamepangwa kama meno, isipokuwa la mwaka nilipokuwa darasa la tatu. Linaruka kutoka taarifa namba 17 hadi 19. Namba 18 ilikwenda wapi?

Mpwa wako akupendaye.


2 Machi

Mama yangu,

Marahaba. Nakuita mama kama siku zote kwa kuwa jina ulilobeba ni la mama yangu, na ukali wake unao pia. Barua yako ilinifikia mapema, majibu ndiyo yamechelewa. Niwie radhi.

Mimi ni mzima. Kikohozi kimekwenda, kimeniachia usingizi wa mchana. Nyanya zangu za kwenye ndoo barazani zimezaa, na jirani yangu fundi cherehani anazichuma kila asubuhi bila hodi, halafu ananishonea vifungo bila kuulizwa, kwa hiyo hatugombani. Mwambie dada apunguze ngazi. Mwambie mjukuu wangu meno yataota.

Kuhusu kiolezo. Umeandika kwa adabu, lakini nimeona umecheka. Nikwambie kilitoka wapi. Nilipoanza kazi, kila mtu ofisini alitangaza anavyojua. Fundi anabandika karatasi ukutani, karani anamwambia mwenye duka, na kesho yake hakuna anayejua lipi la kweli. Ndipo nikaweka nembo juu, namba ya kumbukumbu, tarehe, cheo cha msemaji, sahihi, mhuri. Mtu akiiona alijua hizi si porojo za kijiweni. Ile "inapenda kuchukua fursa hii" unayoiona ni ndefu ilikuwa heshima. Ofisi haimfokei mwananchi kama kondakta.

Siku hizi mnataka kila kitu kiingie kwenye kiganja. Sawa. Kifanye kiolezo utakavyo. Mimi nilikabidhi ofisi pamoja na funguo zake.

Mvua hapa zimeanza vizuri.

Mjomba wako.


23 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nashukuru kusikia kikohozi kimekwisha. Mama kafurahi habari za nyanya. Mtoto anaendelea vizuri, amepewa kazi ya kusoma shairi shuleni na mluzi wake, na hajali hata kidogo.

Barua yako niliisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliumia, mara ya pili nikaona swali langu la namba 18 umeliruka kama dimbwi. Sitaliuliza tena. Nina balaa lililo mbele yangu zaidi.

Nilianza zile taarifa mpya. Kichwa kimoja kifupi, mistari minne, picha ya mahali panapochimbwa. Ya kwanza ilikwenda vizuri ajabu. Mtangazaji wa redio alilalamika kwamba imeisha kabla hajakaa sawa kwenye kiti, lakini watu walijaza ndoo mapema. Mhandisi mkuu, yule mrefu tunayemwita Koki, alisema kwa mara ya kwanza hakuna aliyemtukana akiwa shimoni. Nikavimba kichwa.

Ya pili ndiyo iliyoniangusha. Mtu, hatujamjua hadi leo, alichukua ile taarifa, akaacha picha na rangi zetu, akabadilisha maneno. Akaandika: "MAJI YAMEINGIA SUMU. MSITUMIE KABISA." Akairusha kwenye magrupu. Ilipofika saa sita mchana watu walikuwa wanamwaga matangi barabarani. Zahanati moja ilimwaga akiba yake yote, na wauguzi wakakaa bila maji ya kunawa mpaka Koki alipopeleka gari. Simu za ofisi zililia mpaka tukazichomoa. Nilijaribu kukanusha, lakini ukanushaji wangu ulifanana na ule uongo, rangi zile zile, herufi zile zile. Watu wakauliza, "Sasa ipi ndiyo yenu?"

Mjomba, hapo nilikukumbuka. Koki alisimama mlangoni akasema taratibu, "Ndiyo maana Bwana Mhuri aliweka mhuri." Hakusema kwa ubaya, lakini ilinichoma.

Nimepewa barua ya onyo. Mkurugenzi hakunifokea, na afadhali angefoka. Alisema nina mpaka mwisho wa Aprili, nitengeneze kitu ambacho watu watakiamini, la sivyo turudi kwenye karatasi ya zamani. Mimi kwa kweli nimeshakata tamaa. Kiolezo chako nimekitoa kabatini, kiko hapa mezani. Kesho nitamwambia turudi tu. Ulikuwa sahihi.

Mpwa wako.


29 Machi

Mama,

Marahaba, na salamu kwa dada na nyumba nzima. Barua hii naiweka kwenye basi la leo asubuhi ikufikie kesho. Kama bado hujaongea na mkurugenzi, usiongee. Kama umeshaongea, rudi ukamwambie umebadilisha mawazo.

Sikuwa sahihi. Nakuomba ukae chini.

Taarifa namba 18 ninayo mimi. Niliitoa kwenye faili kwa mkono wangu na nimeiambatanisha hapa. Isome mwenyewe kwanza, kisha urudi kwenye barua yangu.

Umeisoma? Ilikuwa Jumanne. Mashine ya kutia dawa kwenye maji ilikufa, na mhandisi wa wakati ule alikuja mezani kwangu saa tano asubuhi, jasho linamtoka. Alisema, "Waambie watu wachemshe." Maneno matatu tu. Nilichukua maneno yake matatu nikayavalisha suti. Aya ya kwanza, shukrani kwa wananchi kwa ushirikiano. Ya pili, wageni waliokuja kukagua matangi. Ya tatu na ya nne, mipango ya Mamlaka. Ya tano, mkurugenzi na cheo chake chote. Wachemshe maji umeikuta ya sita. Hata hapo sikusema wachemshe, nilisema "wanashauriwa kuzingatia uchemshaji."

Gazeti lilikuwa na nafasi ndogo, na gazeti hukata kutoka chini. Likaacha aya tatu. Mtangazaji wa redio alisoma nne, muziki wa taarifa ukamkuta njiani. Nilikuwa nimekaa ofisini naisikiliza redio hiyo hiyo, na nilifurahi. Nilifurahi, mama, kwa sababu alitamka vizuri jina la idara.

Baada ya siku nne wodi ya watoto ilijaa. Kuhara na kutapika. Watoto kumi na wanne. Kitanda cha karibu na mlango kilikuwa chako.

Sijui unakumbuka nini. Ulipokuwa mdogo ulikuwa ukitaja tu vitabu vya picha nilivyokuletea kila jioni, na yule muuguzi mwenye sauti nene. Mlipona wote, namshukuru Mungu mpaka leo. Ulikuwa umekonda, mkono wako unaingia ndani ya pete ya vidole vyangu viwili. Dada alinishukuru kwa kuja kila siku. Nilizipokea shukrani zake, nikanyamaza. Hakuna aliyenishtaki, kwa kuwa kila neno lilikuwemo, na mhuri ulikuwepo. Nikaitoa namba 18 nikaipeleka nyumbani, na kiolezo nikakiacha vile vile miaka yote iliyobaki. Kukibadilisha kungekuwa kukiri.

Kwa hiyo usirudi kwenye karatasi yangu. Umenisikia?

Sasa kazi. Umechanganya vitu viwili. Urefu haukuwahi kulinda mtu yeyote. Kilicholinda ni kwamba mtu aliweza kuhakikisha. Ipe kila taarifa namba, na namba hiyo ionekane sehemu tatu ambazo mwongo hawezi kuzigusa, yaani kwenye tovuti yenu, kwenye ubao wa lango, na kwa mtu anayepokea simu. Waambie watu kila siku, wakati hakuna shida yoyote, kwamba isiyo na namba si yenu. Usingoje balaa ndipo uwafundishe.

Neno la kwanza liwe lile ambalo mtu akilisikia atainuka kwenye kiti. Wapi na lini yafuate. Asante zote peleka chini, wakizikata hakuna atakayeugua.

Tena sauti. Watu wa huko wanamjua nani? Siyo mkurugenzi. Siyo wewe, unisamehe. Wanamjua Koki, ameingia mashimo ya kila mtaa miaka ishirini. Mweke yeye aisome, sekunde chache, iende pamoja na maandishi. Picha mtu ataigeuza, lakini sauti ya Koki na kile kigugumizi chake kidogo, nani ataiiga?

Sikuombi unisamehe kwa barua.

Mjomba wako.


16 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama mzima. Mtoto alisoma shairi lake na watu wakapiga makofi hata pale alipokosea.

Nimechelewa kwa makusudi, sitazunguka. Siku mbili za mwanzo nilikuwa na hasira. Nilikumbuka kile kitanda, mjomba. Nilikumbuka dari iliyokuwa na doa kama ramani, na wewe umekaa kwenye kiti cha chuma, magoti yamefika kifuani. Siku zote nikihadithia utoto wangu nilikuwa nasema, mjomba wangu hakukosa hata jioni moja. Nilijiuliza kama bado naweza kuisema hadithi hiyo. Siku ya tatu nikaona naweza. Ulikuja. Ungeweza kutokuja.

Nilimpelekea Mama ile karatasi. Alikuwa anapepeta mchele. Akafuta mikono, akavaa miwani, akasoma mpaka mwisho, akanirudishia.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba ni yeye. Karatasi ilikuwa langoni kwao, niliisoma tulipotoka wodini. Nani mwingine mji mzima angeandika 'kuzingatia uchemshaji'?" Akarudi kwenye mchele. Baadaye, bila kuinua macho, akasema, "Nilikuwa namngoja aseme."

Namba 18 nimeirudisha kwenye faili, kati ya 17 na 19. Kabla ya hapo nilimwonyesha mkurugenzi, nikamweleza wodi ilivyojaa. Sikumwambia mtoto wa kitanda cha mlangoni ni nani. Aliisoma amesimama, akauliza, "Na sisi tunafanya hivi hivi?" Akaniongezea mwezi mmoja.

Ushauri wako nimeufuata karibu wote. Namba zimeanza. Kila Jumatatu tunatoa taarifa fupi hata kama hakuna habari: "Maji yapo kila mtaa leo. Taarifa namba 3. Isiyo na namba si yetu." Mwanzoni walitucheka. Wiki hii mtu alituma tangazo la uongo kuhusu mita, na kabla sijafungua kinywa watu wenyewe kwenye grupu wakamjibu, "Namba yake iko wapi?" Niliruka ofisini kama mtoto.

Koki ndiye aliyenipa kazi. Shimoni anaongea kama chiriku, mbele ya simu anageuka katibu tarafa. Alirudia mara kumi na moja, na kila mara anaanza, "Kwa heshima na taadhima." Mwisho nikaizima simu, nikamwambia, "Mkeo anataka kufua. Mwambie." Akasema, "Mama, jaza ndoo sasa, nafunga saa nne." Sikuwa nimeizima kweli. Ndiyo tuliyoituma.

Bado sijui kama itafaa siku ya shida ya kweli. Hilo linaninyima raha.

Mpwa wako, akupendaye vile vile.


24 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Wote wazima, na neno hilo leo naliandika kwa uzito wake.

Siku ya kweli ilikuja. Tarehe 12 mto ulifurika alfajiri ukabeba bomba kubwa la darajani, na tope likaingia kwenye njia ya maji. Koki alinipigia kutoka kwenye eneo lenyewe, nyuma yake nasikia maji yananguruma. Nilikuwa nampigia mtoto mswaki. Nilikaa pembeni ya bafu nikaandika kwenye simu, mswaki mkononi. Nakunakilia:

"Chemsha maji ya kunywa kuanzia sasa, mitaa yote ya ng'ambo ya mto. Bomba limekatika na tope limeingia. Yachemke kabisa, yapoe, ndipo unywe. Watoto pia wasisukutulie maji ya bomba. Tutakuambia tena saa kumi jioni. Taarifa namba 9. Hakikisha kwenye tovuti, langoni kwetu, au kwa simu ya dharura."

Lile la watoto kusukutua liliingia kwa sababu ya yule niliyekuwa nimemshika kidevu.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini ilikuwa imetoka, na sauti ya Koki inahema nyuma yake. Mtangazaji wa redio aliisoma yote, akaangalia saa, akaisoma tena. Gazeti la kesho yake liliibandika nzima, halikukata hata nukta. Saa mbili nilipovuka kwenda ng'ambo nilikuta mwalimu mkuu kafunga mabomba ya shule kwa kamba, na wapishi wameinjika masufuria matatu. Nilimuuliza kaipata wapi habari. Akasema, "Kwa watu sita."

Nimengoja siku kumi na mbili kabla ya kukuandikia, maana sikutaka kusherehekea mapema. Jana nilikwenda zahanati zote mbili, kisha hospitali. Muuguzi alinifungulia daftari la wagonjwa. Walioharisha ni wachache kama wiki nyingine yoyote. Wodi ya watoto ilikuwa na mtoto mmoja, kavunjika mkono, alianguka baiskeli.

Barua ya onyo imeondolewa kwenye faili langu. Nilitoka nje nikalia kidogo nyuma ya stoo ya mabomba. Koki alinikuta, akajifanya anatafuta spana.

Mpwa wako.


6 Juni

Mama yangu,

Marahaba mara nyingi. Nipo, nyanya zimekwisha, nimepanda pilipili.

Barua yako haikuwa ya kwanza kuniletea habari. Siku ile ile ya tarehe 12, kabla sijanywa chai, jirani yangu fundi cherehani alikuja barazani na simu yake. Ana binti aliyeolewa huko ng'ambo ya mto. "Sikiliza," akasema, akanisomea, kisha akanisikilizisha mwanaume mmoja anahema. Yule binti alikuwa ameshamjibu kwamba sufuria liko jikoni. Nilisema vizuri, binti yako ana jirani mwema, amemwonya mapema.

Akanishangaa. "Jirani gani? Hii ni ya Mamlaka ya Maji."

Mama, miaka ishirini na nane niliandika taarifa, na hiyo sikuitambua kuwa ni taarifa. Nilidhani ni mtu anamwambia mwenzake. Nilimwomba anisomee tena. Kisha nikamwomba aende zake, nikakaa na nyanya zangu.

Una kosa moja, mstari wa nne. "Watoto pia wasisukutulie" ingekuwa juu zaidi. Nimeisema ili usivimbe kichwa tena.

Sasa la dada. Ameningoja miaka ishirini na sita, na mimi nilidhani nimemficha. Nimejaribu kumwandikia, nimeshindwa, kila nikishika kalamu inaanza kuchukua fursa hii. Nimekata shauri kuja. Nitapanda basi la Jumamosi ya tarehe 20, nitashuka stendi saa nne asubuhi, msije kunipokea, njia naijua. Mwambie asiandae chochote na asiniulize habari za safari. Akifungua tu mlango, nataka nimwambie nikiwa bado nimeshika mfuko.

Kakake, na mjomba wako.